Walimu Wawili Nyumba Moja: Maisha Yetu ya Kufundisha Kiingereza Roi Et

Mimi na mume wangu tunafundisha Kiingereza katika mji wa Roi Et, kaskazini-mashariki mwa Thailand, katika eneo ambalo wenyeji huliita Isan. Yeye ni mzaliwa wa Kisumu, mimi nimezaliwa na kulelewa Kilifi, na wote wawili tulisomea ualimu nchini Kenya tukitarajia, kama wenzetu wengi, kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Ajira hiyo haikuja. Walimu waliosajiliwa na tume na ambao wangali nyumbani wakisubiri nafasi ni wengi mno, na yeyote aliyewahi kufundisha kwa mkataba wa bodi ya shule anajua malipo yake yalivyo madogo na yanavyocheleweshwa. Tulipopata habari za Wakenya waliokuwa wakifundisha Thailand, tulikaa chini, tukapiga hesabu, tukaamua kuondoka pamoja.

Wanaotuuliza kuhusu maisha ya huku huanza na mshahara, na wengi huishia hapo. Mimi nadhani swali kubwa zaidi kwa mke na mume ni jingine. Nchi hii haiajiri mke na mume. Inaajiri mtu mmoja mmoja, kwa viza yake, kibali chake, mkataba wake na tarehe zake, nayo haina habari kwamba watu hao wawili hulala chini ya paa moja. Kuifanya ndoa iingie katika mpangilio huo ni kazi ya kila siku, tena ni kazi inayofanyika pembeni mwa ile kazi yenyewe ya kufundisha.

Nianze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Kila mmoja wetu alihitaji viza ya kazi, ile inayoitwa Non-B, ambayo hutolewa kwa kuwa kuna shule inayomtaka mwalimu huyo kwa jina lake. Mke anayemfuata mumewe kwa viza ya mtegemezi hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka apate kibali chake mwenyewe, kwa hiyo tangu mwanzo tuliomba kazi mbili, wala hatukuomba kazi moja na nafasi ya kusindikizwa. Vikaja vyeti vya shahada na matokeo yake, vyeti vya mwenendo mwema kutoka kwa polisi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Thailand humdai kila anayetoka Kenya. Kwa kuwa hatutoki katika nchi wanazozihesabu kuwa za wenye lugha, yaani ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza ya watu wake, tulitakiwa pia kufanya mtihani wa TOEIC, unaopima ujuzi wa Kiingereza, ingawa Kiingereza ni lugha rasmi kwetu kwa mujibu wa Katiba ya 2010 na ndicho tulichosomeshwa nacho tangu shule ya msingi. Tuliufanya. Cheti chetu cha ndoa, tulichokibeba kwa uangalifu kuliko vingine vyote, hakijawahi kuombwa na shule yoyote.

Ukishafika, karatasi hazikomi. Kibali cha kazi humtaja mwajiri na mahali pa kazi, na ukihama shule unaanza upya. Kila baada ya siku 90 unapaswa kuiarifu idara ya uhamiaji unakoishi. Ukitaka kutoka nchini, hata kwa mazishi, unaomba kwanza ruhusa ya kurejea, la sivyo viza inakufa unapovuka mpaka. Mwalimu asiye na leseni ya ualimu ya Thailand hufundisha kwa kibali cha muda kutoka Baraza la Walimu, Khurusapha, ambacho ni cha miaka miwili. Sasa yachukue hayo yote uyazidishe kwa wawili, na kwa tarehe zisizolingana. Mume wangu ndiye mtunza karatasi wa nyumba yetu. Ana faili mbili, ya bluu yangu na ya kijani yake, na juu ya jokofu amebandika kalenda ambayo tarehe zangu zimezungushiwa wino mwekundu na zake mweusi. Kuna watu huonyeshana mapenzi kwa maua. Mimi kila nikiamka kwenda kuchukua maji ya kunywa nauona ule wino mwekundu, na ninajua kuna mtu aliyekaa akaikumbuka siku yangu ya kuripoti kabla mimi mwenyewe sijaikumbuka.

Mwanzoni hatukukaa pamoja. Yeye alipata shule Roi Et, mimi wakala, yaani kampuni inayowaajiri walimu na kuwapangia shule, akanipeleka Yasothon, mji jirani ulio umbali wa kilomita 70 hivi. Tulionana mwisho wa wiki tu, naye alikuwa akija kwa pikipiki Ijumaa jioni, katika msimu wa mvua, kwenye barabara inayokatiza mashamba ya mpunga, si mbali na nyanda za Thung Kula Ronghai, kunakotoka ule mchele wa Thailand wenye harufu nzuri. Nilikuwa nikikaa kibarazani kusikiliza mlio wa pikipiki mpaka afike. Nawaambia waziwazi wale wanaofikiria kuja kama mke na mume: wakala atakuahidini kwamba miji hiyo ni karibu, na kwenye ramani kweli ni karibu, lakini kwa mtu anayeanza kazi saa moja na nusu asubuhi, ambaye hajui lugha ya wenyeji na hana mwenzake wa kumweleza siku ilivyokwenda, kilomita 70 ni umbali wa kutosha kabisa kuchosha ndoa. Nilipopata nafasi katika shule ya msingi hapa Roi Et, kwa mshahara pungufu kidogo, hatukujadiliana sana.

Na kuhusu mshahara, yafaa niseme jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Matangazo ya kazi hapa hugawa walimu mafungu mawili: wenye lugha, yaani watu wa Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na nchi chache nyingine, na wasio wenye lugha, ambamo tumo sisi, Wafilipino, Wakameruni na wengine. Fungu la pili mara nyingi hutangaziwa kati ya baht 18,000 na 25,000 kwa mwezi, na la kwanza huanzia 30,000 na zaidi, kwa vipindi vile vile na wanafunzi wale wale. Maombi hutakiwa yaambatane na picha, na hakuna asiyejua picha hiyo ni ya nini. Wakala mmoja aliwahi kuniambia kwenye simu, kwa upole kabisa, kwamba wazazi wa shule fulani wangependelea mwalimu mweupe. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu akisikia. Nilimshukuru wakala kwa kunieleza ukweli, nikakata simu, kisha sisi wawili tukazungumza hadi usiku, si juu ya rangi, bali juu ya kama tunaamini tunachowafundisha watoto hawa. Tulikubaliana kwamba tunaamini.

Tunaamini kwa sababu tunaona kila siku faida ya mwalimu aliyejifunza Kiingereza darasani, kwa jasho, kama watakavyojifunza wanafunzi wake. Mtoto wa Kenya akikutana na neno la Kiingereza linaloishia kwa konsonanti, huongeza irabu mwishoni. Mtoto wa Kithai hufanya kinyume, hulikata. Kwa Kithai silabi haiishii kwa sauti ya s wala ya l, hivyo "bus" mdomoni mwake huwa "bat" na "football" huishia kwa n. Mwalimu asiyejua sababu atadhani mtoto ni mzembe. Wanafunzi wangu wa darasa la nne, kila wanapofika kwenye neno lenye s mwishoni, huinua kidole na kukishusha taratibu huku wakiitoa ile sauti ndefu ya tairi linalotoka upepo, na hawashushi kidole mpaka s imalizike. Darasa zima la watoto 38 likifanya hivyo kwa pamoja, mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili huja kuchungulia.

Kwa mume wangu, anayefundisha Matthayom, yaani vidato, mzigo mkubwa ni nyakati. Kitenzi cha Kithai hakibadiliki. Jana, leo na kesho kinabaki kile kile, na maneno mengine ya sentensi ndiyo yanayoonyesha wakati. Kwake yeye na kwangu, tuliolelewa na li, na, ta na me, kuuweka wakati ndani ya kitenzi ni jambo la kawaida hata kabla ya kukutana na Kiingereza. Alinunua kamba ya katani sokoni, akaifunga kutoka mlangoni hadi dirishani, akaandika vitendo kwenye vipande vya karatasi ngumu na kuvibana kwa vibanio vya nguo. Mlango ni jana, dirisha ni kesho, na pale anaposimama yeye ni sasa. Mwanafunzi huchagua karatasi, huibana mahali pake, kisha ndipo huisema sentensi yake. Vijana wanaoona haya kuzungumza, na hapa haya ni sehemu ya malezi mema, huweza kwanza kujibu kwa mkono wakiwa wamewapa wenzao mgongo, na sauti huja baadaye. Siku hizi kamba kama hiyo iko pia katika darasa langu, fupi zaidi, kwa kuwa watoto wangu ni wafupi.

Kwenye somo la saa, mimi ndiye niliyempa yeye msaada. Wathai wanapozungumza huhesabu saa za usiku kuanzia giza linapoingia, kama tufanyavyo sisi, hivyo saa mbili usiku kwao nayo ni ya pili, na mtoto anayefikiri kwa lugha yake huandika 2 pale panapotakiwa 8. Nilipoliona kosa hilo kwa mara ya kwanza nililitambua papo hapo, kwa kuwa ndilo lililonipa alama mbaya kwenye daftari langu nikiwa darasa la tatu. Niliwachorea saa mbili ubaoni, ya nyumbani na ya Kiingereza, zilizopishana kwa saa sita, kama nilivyochorewa mimi.

Siku ya kazi huanza mapema. Sisi tukiwa na zamu husimama langoni kuwapokea watoto, ambao huunganisha viganja na kuinama wakitusalimu, nasi tunawaitikia. Saa mbili kamili bendera hupandishwa, wimbo wa taifa huimbwa, sala za Kibuddha husomwa, na matangazo hutolewa huku watoto wakiwa wameketi uwanjani kwa mistari. Vipindi ni vya dakika 50. Majina kamili ya wanafunzi ni marefu sana, lakini kila mtoto ana jina fupi la nyumbani, Bank, Ice, Boss na mengineyo, na kulijua jina hilo ni nusu ya nidhamu ya darasa. Ijumaa walimu wa shule yangu huvaa nguo za kufumwa za Isan, hariri au pamba. Nilimwomba ruhusa naibu wa mkuu wa shule nivae kitenge, naye akauliza kama ndicho wanawake wa kwetu huvaa siku ya heshima. Nilipomjibu kwamba ndicho, alisema basi ni sawasawa na nguo zao. Tangu hapo Ijumaa huwa navaa kitenge.

Mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi, hufanyika sherehe ya kuwaheshimu walimu, wai khru. Wanafunzi hupanga maua kwenye sinia ndogo zenye miguu, na humo hamkosi kuwa na ukoka, ua la biringani na ua la ixora: ukoka kwa kuwa husambaa hata ukikanyagwa, ua la biringani kwa kuwa huinama, ixora kwa kuwa chipukizi lake limechongoka kama akili inayotakiwa. Kisha hupiga magoti mbele ya walimu waliokaa mstari, wageni na wenyeji pamoja. Sherehe ya shule yake na ya kwangu hazikuwa siku moja mwaka jana, hivyo mume wangu aliomba ruhusa akaja kunitazama. Alisimama nyuma ya ukumbi, na nilipomwona akijipangusa macho nami nikashindwa kujizuia. Kenya tulifundisha kwa bidii ile ile, bila mtu kutupa hata ahadi ya mshahara wa mwezi ujao.

Nyumbani tuna sheria moja. Habari za shule huzungumzwa mpaka chakula cha jioni kitakapokuwa mezani, na baada ya hapo hapana, wala Kiingereza hakisemwi tena hadi asubuhi. Kufundisha lugha siku nzima, ukisema polepole na kwa maneno machache, hukausha ulimi. Mtu anafika jioni akiona kwamba hajatoa wazo refu hata moja tangu alfajiri. Kiswahili chetu, changu cha pwani na chake cha ziwani, ndicho tunachopumzikia. Walimu wengi wageni hutumia jioni kufundisha masomo ya ziada majumbani, na sisi tumeombwa mara nyingi. Tumekataa, kwanza kwa sababu kibali cha kazi hutaja shule na si sebule ya mtu, na pili kwa sababu jioni hizo ndizo zetu.

Chakula kimekuwa rahisi kuliko tulivyotazamia. Sokoni kuna mashine ya kukuna nazi na nyingine ya kukamua, na mama muuzaji hukumiminia tui zito kwenye mfuko huku ukisubiri; mtu wa Kilifi hana la kulalamikia. Kuna mboga iitwayo khana ambayo, ikikatwa nyembamba na kukaangwa kwa kitunguu, inatosha kabisa kuwa sukuma wiki. Unga wa mahindi ni shida, tunaagiza Bangkok na kuutunza, lakini wenyeji wa Isan hula wali wa kunata kwa mkono, wakifinyanga tonge na kuchovya, na mume wangu hakuhitaji kufundishwa. Furaha yake kubwa ni samaki. Huku kuna pla nin, wanaochomwa mzima mzima wakiwa wamepakwa chumvi ngozi nzima na kujazwa mchaichai tumboni. Siku ya kwanza alimgeuza mmoja kwenye sahani, akamtazama mapezi, akasema, "Huyu ni ngege wa nyumbani." Hakukosea sana: ni sato wa mto Nile, waliofugwa Thailand tangu 1965, pale Mwanamfalme Akihito wa Japani alipompelekea Mfalme Bhumibol samaki 50. Siku hizi namtia mmoja kwenye tui na ukwaju, kwa mapishi ya kupaka, na ngege wa Kisumu hukutana na nazi ya Kilifi katika sufuria moja.

Jioni nyingine tunatembea kuzunguka ziwa la Bueng Phalan Chai, lililo katikati ya mji, ambako watu hufanya mazoezi na kuwatupia samaki chakula. Saa kumi na mbili wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti na kila mtu husimama palepale alipo, hata wakimbiaji. Tukirudi tunapiga simu nyumbani, kwa maana saa moja ya usiku kwetu ni saa tisa alasiri Kenya, na wazee hawajachoka. Mama mkwe wangu huuliza kila mara, "Mwanangu, mmekula?" Nami humjibu kwamba tumekula, kisha huomba apewe mwanawe ili amwulize swali lile lile.

Kubwa linalotusumbua ni likizo. Mwaka wa shule huisha mwezi wa Machi na muhula mpya hufunguliwa katikati ya Mei. Mume wangu ameajiriwa na shule moja kwa moja kwa miezi 12, lakini mimi ningali chini ya wakala, na mkataba wangu ni wa miezi 10. Hiyo maana yake ni kwamba katika Machi na Aprili, wakati joto linapokaribia nyuzi 40 na bili ya umeme inapanda kwa ajili ya feni na kiyoyozi, nyumba yetu huendeshwa kwa mshahara mmoja, na fedha za kutuma nyumbani hutoka katika akiba tunayoiweka tangu Juni. Tungekuwa wote wawili kwa wakala, tungekaa miezi hiyo bila chochote. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wawili wanaokuja ni huu: hata kama hamwezi kupata nyote mkataba wa mwaka mzima, mmoja wenu asitie saini kitu kingine chochote.

Mwaka huu nimeiandikia shule yangu kuomba iniajiri yenyewe, kwa mkataba wa miezi 12, ili viza zetu nazo ziweze kufikishwa kwenye mwezi mmoja. Mkuu wa shule amesema atanijibu kabla ya Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambao huadhimishwa kuanzia Aprili 13. Akikubali, mume wangu ataitupa ile kalenda ya rangi mbili na kubandika nyingine. Akikataa, nitatafuta nafasi katika shule nyingine ndani ya mji huu huu kabla muhula haujafunguliwa, hata ikiwa ni ya chekechea, kwa kuwa suala la mimi kuishi mji mmoja na yeye mwingine tulikwisha kulimaliza.